Kidole cha Sivakami

Wachuma chai wa shamba moja milimani, juu ya mji wa Hatton, walipangwa foleni mbele ya banda la kupimia majani. Watu wa chuo kikuu walikuja kutafiti upungufu wa damu kwa wanawake. Msimamizi Rasaiah alishika kidau cha wino na karatasi za kukubali utafiti, akawa anawavuta vidole mmoja mmoja kama anayepiga magunia mihuri.

Sivakami alipofikiwa, aliuficha mkono ndani ya sari.

"Karatasi inasemaje?"

"Tangu lini mchuma chai akawa wakili?" Rasaiah akacheka. "Tia dole, mama, majani yanakungoja."

"Na yangoje. Mwaka ule mlinichovya hivihivi, kumbe nimekubali kuhamishwa chumba. Leo nisomewe."

Daktari Nirmali, binti aliyeongoza utafiti, alisikia, uso ukamshuka. Alimpokonya Rasaiah kidau, akamwomba aende zake. Kisha akaketi chini, akawasomea karatasi kwa Kitamil chake cha kuchechemea.

"Nikikataa, yule bwana atanikomoa?" Sivakami akauliza.

"Hapana, mama. Hataambiwa nani kakataa."

Wanawake saba walikataa, wakaondoka. Sivakami alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono achomwe sindano.

Nirmali alirudi chuoni akajishtaki mwenyewe kwa kamati ya maadili. Alama zote za vidole zilitupwa, utafiti ukasimama miezi mitatu, ukaanza upya. Kamati ilipotafuta mjumbe asiye msomi, Nirmali alilitaja jina la Sivakami.

"Mimi? Nikae na maprofesa?" Sivakami alicheka hadi machozi. Lakini alikwenda.

Vikao vitatu alikunywa chai yao tu, akaiona nyepesi mno. Kikao cha nne, profesa mmoja aliomba kujaribu dawa ya vidonda kwa mbwa kumi na wawili wa mitaani.

"Wakishapona wanakwenda wapi?" Sivakami akauliza.

Profesa alikohoa. "Tunawachoma sindano ya kuwalaza."

"Kulala kwa kuamka?"

"Hapana, mama."

"Sasa mmewaponya ili iweje?"

Ombi likarudishwa. Profesa alinuna wiki nzima, kisha akaleta jingine: mbwa sita, dawa ya maumivu kwanza, na watu wa kuwachukua baadaye.

"Mmoja nipeni mimi," Sivakami alisema, "ila asiwe mwenye kelele."

Walimpa mwenye kelele kuliko wote. Mbwa huyo akimwona Rasaiah tu, hubweka mpaka sauti ikauke, na Sivakami hana haraka ya kumnyamazisha.