Marehemu wa Mfano

Dada Rangi hakufa. Hilo tuelewane mapema, maana mtaani kwao wapo watu ambao mpaka leo hawana uhakika.

Jina hilo alilipata kwenye duka la uchapaji alikokuwa akipanga kadi, vipeperushi na mabango, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuisha wino. Kazi aliijua, ila moyo haukuwa pale. Kila jioni aliketi na kompyuta kuukuu akiomba nafasi za mafunzo ya usanifu wa machapisho ng'ambo, kwenye kampuni ambazo zingemdhamini apate viza. Waliojibu walimkataa kwa adabu sana. Wengine walikaa kimya tu.

Mama yake, ambaye hakuwa na mtoto mwingine, alijiandaa kuliko mwombaji mwenyewe. Alinunua viatu vyeusi vya kumsindikiza navyo uwanja wa ndege, akavisukuma uvunguni mwa kitanda ndani ya boksi lake. "Nitakupungia mkono mpaka ndege iwe nukta," alisema. Rangi alimcheka, lakini kila alipotaka kukata tamaa alilikumbuka lile boksi, akaomba tena.

Kilichomtoa ni ratiba ya mazishi. Pale dukani ratiba za mazishi ndizo zilizokuwa zikiwalisha, basi akaamua kutengeneza moja ya mfano, safi, aitume ng'ambo waone anavyojua kupanga ukurasa. Sasa fundi wa kurasa hawezi kufanya kazi na nafasi tupu, lazima ajaze kitu. Sura ya maiti wa watu hakuthubutu kuitumia. Akachukua picha yake mwenyewe ya pasipoti, ile ya kutocheka, masikio yote nje, akaibandika katikati. Akaandika jina lake na wasifu mfupi: alipenda kazi yake, hakuwa na makuu, amemwacha mama. Nafasi ya tarehe ya kufariki ilibaki wazi, ikawa inamkera macho. Akaweka tarehe yoyote iliyomjia, ya huko mbele.

Bosi wake, mtu wa kuogopa hata kivuli chake, alipoiona alimtaka aifute. Kuna vitu, alisema, havichezewi. Rangi akamjibu kwamba hizo ni herufi tu na hazijawahi kuua mtu, akaendelea kunywa chai yake.

Ng'ambo wakaipenda. Mama mmoja wa kampuni moja ya huko alimpigia simu ya video, akamuuliza huyu marehemu ni nani. Rangi akasema ni yeye mwenyewe. Yule mama akamwambia nafasi ni yake. Karatasi za udhamini zikaja, maombi ya viza yakapelekwa, na siku moja asubuhi akaitwa ubalozini kuchukua pasipoti.

Langoni walimwambia azime simu na kuiacha kwa mlinzi. Ndani kulikuwa na baridi na kimya cha ajabu, watu wamejipanga na hakuna aliyekohoa. Karani wa dirishani aliangalia picha, akamwangalia yeye, akairudia picha, kana kwamba mmoja kati ya hao wawili hakutakiwa kuwepo. Mwisho akamsukumia pasipoti chini ya kioo. Viza ilikuwa imebandikwa, na tarehe ya siku ile imepigwa juu yake. Rangi alihisi aliwahi kuiandika tarehe hiyo mahali fulani. Hakukumbuka wapi, na furaha haikumpa nafasi ya kufikiri. Hata simu alisahau kuiwasha.

Mtaani kwao alimpungia mwenye duka la kona. Yule bwana akarudi ndani kinyumenyume. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliziacha kwenye kamba akafunga mlango. Kwao kulikuwa na viti nje, na watu wengi, wote wamempa mgongo. Mjomba wake alikuwa amesimama mbele akisoma kwa sauti kutoka kwenye simu.

"Alipenda kazi yake," alisoma mjomba. "Hakuwa na makuu. Amemwacha mama."

Rangi alisimama pale nyuma ya umati. Maneno aliyajua, ni yake, hadi nukta. Akaikumbuka na tarehe aliyojiwekea, ndiyo ile ya kwenye viza. Kwa muda kidogo, na hili alikuja kulikiri kwa shida, hakujua aliyekosea ni wao au ni yeye.

Asubuhi ile mteja aliyefiwa alikuwa ameomba sampuli. Bosi, ambaye kompyuta humtoa jasho, akamtumia ya kwanza aliyoikuta, bila hata kuifungua. Shangazi wa mteja akaitambua sura, akairusha kwenye kundi la mtaa. Hakuna aliyejiuliza maiti iko wapi, wala inakuwaje mtu afe leo na ratiba yake iwe imeshapangwa vizuri hivyo. Walipiga simu ya Rangi, haikupatikana. Ubishi ukaishia hapo.

Mtoto mmoja ndiye aliyegeuka kwanza, kisha wakageuka wote. Mama yake Rangi alikuwa chini kwenye mkeka, na miguuni amevaa vile viatu vyeusi. Akamkazia macho mwanawe bila kuinuka.

"Mama, ni mimi. Nimepata viza."

Mama alimshika uso, masikio, vidole vyenye wino. Alimkumbatia, ndiyo. Lakini mikono yake ilikuwa ya mtu anayepima kitu.

Siku zilizobaki zilikuwa ngumu. Nguo zake nyingi ndugu walikuwa wameshagawana siku ileile, na kuzirudisha wakaona haya. Majirani walimwitikia salamu wakiwa mbali. Mezani mama alitenga sahani moja, akashtuka, akaenda kuleta ya pili. Bosi alimwomba radhi huku akitazama ukutani.

Siku ya safari gari lilikuja. Mama alikuwa ameketi kitandani, peku. Rangi akainama uvunguni, akavuta boksi, akamwekea viatu miguuni na kumwambia wanachelewa.

"Nenda salama, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Mimi nilishakuaga. Siwezi kukuaga tena."

Rangi alimsubiri kidogo. Mama aliviokota viatu, akavifuta vumbi la siku ile ya msiba kwa kiganja, akavirudisha kwenye boksi na kulifunika. Dereva akapiga honi.