Bosi Ajaza Fomu ya Ada

Fundi makochi wa mtaa ule aliitwa Bosi. Duka hakuwa nalo. Alikuwa na kivuli cha ukuta wa jirani, nyundo mbili na sauti. Pesa ya sabuni ilitoka kwenye cherehani ya mkewe, lakini mke hakuwa na makuu, basi jina likabaki kwa Bosi.

Binti yao alipopata nafasi chuo cha uuguzi, alileta fomu ya msaada wa ada, akawaeleza wazazi taratibu, kama anayempa mgonjwa dawa.

"Ruzuku ni pesa ya bure, hairudishwi. Mkopo unarudishwa, tena na riba juu. Na hapa, mchango wa familia, ni kiasi tunachoweza kulipa sisi kwa mwaka. Kinachopungua, chuo kinajazia."

"Nimeelewa. Lete kalamu," akasema Bosi.

Na alielewa, masikini. Ila fomu ilitakiwa kugongwa muhuri ofisi ya mtaa, na karani wa muhuri alikuwa shemeji yake. Yule shemeji aone Bosi hana kitu? Afadhali anywe gundi. Akaandika kiasi ambacho nyumba ile haijawahi kukiona hata kwenye ndoto za homa. Shemeji akasoma, akanyanyua nyusi, akagonga. Bosi akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jibu la chuo lilikuwa la heshima sana: familia inajiweza, ruzuku hakuna. Hongera.

Binti hakulia. Alimwuliza tu mama yake kama kuna nguo za wateja za kupiga pasi. Hilo ndilo lililomchoma mama.

"Baba'ke," akasema, "kesho tunaenda chuoni. Wote."

Dirishani, dada wa ofisi ya ada aliuliza, "Mzee, kipato chako kwa mwezi?"

Bosi akanong'ona.

"Sikusikii, mzee."

Nyuma yao walipanga foleni wazazi waliovaa nguo zao za sherehe, wote wanakagua dari. Bosi akamgeukia mkewe. Kwa kawaida mke ndiye aliyemwokoa pabaya. Leo mke akawa na shughuli kubwa na zipu ya mkoba.

"Si uwaambie wewe?"

"Bosi ni nani, mimi?"

Bosi akaligeukia dirisha. Akakitaja kipato chake, kwa sauti ileile ya kuitia wateja, korido nzima ikasikia.

"Mzee, unatuzidi!" mtu akasema kwenye foleni, na watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi.

Dada akarekebisha fomu. "Kwa kipato hiki anapata ruzuku ya ada yote. Malazi atachukua mkopo, atarudisha akianza kazi."

Binti akamshika baba yake mkono, akaung'ang'ania mpaka nje.

"Mmeona nilivyombana yule dada?" Bosi akauliza getini.

"Tumeona," akasema mkewe. "Alitetemeka kweli."