Kamba ya Juu

Mama anayefua bendera za balozi za kigeni hapa Vientiane, mji mkuu wa Laos, huzianika kwenye kamba ya juu kabisa, mbali na sketi, maana kinachopepea juu ya vichwa hakichanganywi na cha kiunoni. Huzisuuza taratibu, macho yamefumbwa nusu, kama anayeogesha mtoto aliyelala. Jana dereva wa ubalozi wa mwisho uliokuwa bado unampa kazi alimwambia, "Basi, mama. Sasa tunanunua za nailoni, zikichakaa tunatupa."

"Na hii?" mama aliuliza, akiinua bendera aliyoletewa.

"Pigia deki."

Ndiyo adabu ya siku hizi. Mama aliifua. Asubuhi hii bendera inaelea kambani kwenye ukungu wa mto Mekong, na muuza papai anamtania, "Mama, umefungua ubalozi?"

"Viza hatutoi leo," anasema, akipita chini ya bendera huku ameinamisha kichwa.