Mume Alivyoifuta Nuru ya Shangazi

Biashara ya picha ni kumuuzia mtu sura yake mwenyewe, na hakuna mteja mgumu kama huyo, maana bidhaa anaijua tangu utotoni. Shangazi alilitambua hilo mapema. Ndiyo maana, wakati wapigapicha wenzake wa mtaa ule walikwishafunga studio na kuanza kuuza makava ya simu, yeye bado alikuwa na foleni mlangoni, na kamera ileile ya mkanda aliyoinunua mikononi mwa mtu.

Foleni ilifuata nuru. Picha za Shangazi zilikuwa na mwanga laini unaouzunguka uso kama mvuke juu ya kikombe cha chai. Makunyanzi yalilala, chunusi ziliaga. Mtu alitoka pale akiwa yeye yule yule, ila kama aliyelala usingizi wa kutosha kwa miaka kumi. Picha za pasipoti aliacha kupiga baada ya ofisa mmoja kumrudisha mteja na kumwambia alete picha yake, si ya mdogo wake.

Wakimuuliza siri, aliinua mkono wa kulia. "Ni mkono huu," alisema. Na mwenyewe aliamini hivyo.

Mumewe alikuwa fundi saa. Alikuwa amestaafu, lakini vidole vyake havikupata taarifa. Mtu mpole, mwenye adui mmoja tu duniani: uchafu ulioingia ndani ya kitu kidogo. Alikwishafungua redio, pasi na mizani ya jikoni. Jumapili moja, Shangazi akiwa kwa dada yake, mzee akamulika kurunzi ndani ya lenzi ya ile kamera, akaona utando mweupe umetambaa katikati ya vioo. Kuvu! Moyo ukamruka kwa furaha. Akashika bisibisi zake za saa, pamba na spiriti, na mpaka jioni lenzi ilikuwa imerudi mahali pake, safi kama jicho la mtoto. Hakusema neno. Alitaka mkewe ajionee mwenyewe.

Jumatatu akaja Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaani, mama wa miaka sitini. Alikuwa anastaafu, na Ijumaa picha yake ingetundikwa ukumbini mwa shule, pamoja na wakuu waliomtangulia. Kwa miaka ishirini Shangazi alimpiga picha kila mwaka, na katika picha zote ishirini alikuwa na umri mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii ya ukumbini ni kubwa, Shangazi. Wale wanaume walionitangulia wamekunja uso kama waliomeza shubiri. Mimi nataka watoto wanikumbuke vizuri."

"Watakukumbuka mpaka walete posa."

"Hebu acha maneno, piga."

Jumanne, kwenye chumba cha giza, Shangazi akaitumbukiza karatasi ndani ya dawa, akasubiri. Uso ukaanza kujitokeza chini ya taa nyekundu. Kisha makunyanzi yakaanza kuitika moja moja, kama wanafunzi wanaosomewa majina. Hakuna lililokosa shule siku hiyo. Kidevuni palikuwa na unywele ambao kwa miaka ishirini haukujulikana kama upo. Akabadilisha karatasi. Unywele ukarudi.

Jioni Mwalimu Mkuu akaja kuichukua picha.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Mwaka jana nilikuwa na arobaini."

"Mwaka jana ulikuwa na hamsini na tisa."

"Kwenye picha, Shangazi! Nazungumzia kwenye picha!" Akaisukuma ng'ambo ya meza. "Nakupa mpaka Alhamisi. Ukishindwa naenda kwa yule anayepiga picha kwa simu pale ng'ambo. Na nikienda mimi, walimu wangu wote wananifuata, na wazazi nyuma yao."

Hakuwa anatisha bure. Nusu ya foleni ya Shangazi ilitoka shuleni kwa yule mama.

Shangazi akaingia uani, ambako mumewe alikuwa ameketi anatabasamu.

"Umeona mabadiliko?"

"Mabadiliko gani?"

"Nimeisafisha lenzi! Ilijaa kuvu, mke wangu. Masikini, miaka yote hiyo ulikuwa unapiga picha kupitia utando."

Shangazi akakaa chini. Akautazama mkono wake wa kulia kama anayemtazama mfanyakazi aliyekuwa akipokea sifa za mwingine.

"Hiyo kuvu umeipeleka wapi?"

"Nimeitupa."

"Basi umetupa duka."

Jumatano adhabu ya mzee ilikuwa kukaa kwenye stuli apigwe picha za majaribio. Shangazi akapaka mafuta ya mgando kwenye kioo mbele ya lenzi. Mume akatoka kama aliyepigwa picha ndani ya sufuria ya supu. Shangazi akavuta soksi ndefu ya nailoni juu ya lenzi. Uso wote ukafifia, macho pia, mzee akafanana na mtu anayesahaulika. Mkewe akapulizia lenzi pumzi, ikakauka kabla hajabonyeza, na mzee akatoka anacheka, pengo lake wazi kabisa.

"Macho yabaki makali," Shangazi akalalamika, "halafu nuru iyeyuke juu yake. Mafuta yanaziba kila kitu!"

Mzee akaenda kwenye droo yake. Akarudi na kioo cha saa ya mezani, ambacho mwenyewe alikifuta vumbi kila siku kwa miaka thelathini mpaka kikajaa mikwaruzo myembamba.

"Uliniambia nikitoe kwa sababu hakionyeshi vizuri," akasema.

Akapaka dawa ya meno kitambaani, akasugua katikati tu, sehemu ya ukubwa wa kifungo cha shati, mpaka pakawa safi bila mkwaruzo. Pembeni hakugusa. Ilimuuma kuacha mikwaruzo, ilionekana usoni. Wakakifunga mbele ya lenzi kwa mpira.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Mkuu akakikodolea macho.

"Mbona kama saa?"

"Ni kifaa maalumu, Mwalimu. Kipo kimoja tu." Na hapo hakudanganya.

Mchana picha ikatoka. Macho yalikuwa makali kiasi cha kunyamazisha darasa, na uso mzima ulielea ndani ya nuru. Unywele ulikuwa umerudi mafichoni.

"Huyu sasa namfahamu," Mwalimu Mkuu akasema. Akafungua mkoba, akasita. "Na ile ya kwanza?"

"Ipo."

"Nipe. Nimpelekee mwanangu aone anavyonizeesha."

"Hiyo ina bei yake."

"Picha uliyoiharibu?"

"Haijaharibika, Mwalimu. Ndiyo ya kweli pekee niliyowahi kukupiga. Kitu adimu hicho."

Wakavutana robo saa, wakakutana katikati, kila mmoja akiondoka na imani kwamba amemlalia mwenzake.

Ijumaa ukumbini walimu walimzunguka Shangazi, kila mtu anataka siku yake ya kupigwa picha, kila mtu anauliza siri. Akainua mkono wa kulia, kisha akamtafuta mumewe kwa macho. Mzee alikuwa amesimama juu ya kiti, bisibisi mkononi, ameishusha saa ya ukutani ya shule, ambayo ilikuwa inakwenda vizuri tu.

"Ni mkono huu," akasema, "na kioo cha yule pale. Lakini msimpe kitu kinachofanya kazi."