Aliyepika Jumapili ya Meza

Jiko la kanisa letu ni kibanda cha mabati nyuma ya ukumbi, na kwa miaka ishirini na miwili mwenye kibanda hicho alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Tulimwita Mama Mwiko. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, tunakula mara mbili: kwanza mkate na divai ibadani, kisha wali na maharage ukumbini, kanisa zima, wenye nacho na walalahoi bega kwa bega. Tunajivunia sana desturi hiyo. Wageni wakija tunawaambia ndivyo walivyoishi waumini wa kwanza. Mama Mwiko alitupikia chakula cha pili. Cha kwanza hakukionja.

Alikuwa ametengwa. Kosa lake ni hili: aliishi na fundi mwashi, baba wa binti yake, bila ndoa ya kanisani. Yeye aliitaka ndoa hiyo hata kwa kupiga magoti. Fundi ndiye aliyekuwa akipiga chenga. "Nitafunga siku nitakayopata suti," alikuwa akisema, na siku aliyovalishwa suti ilikuwa ya kuingizwa jenezani.

Basi fundi alipokufa, kosa nalo likawa limekufa. Wazee wa kanisa tulikubaliana hivyo, mimi katibu wao nikiwepo. Kilichobaki ni mama kusimama mbele ya watu dakika tano, aombewe, arudishwe mezani. Lakini utaratibu wetu unasema mtu hurudishwa Jumapili ya Meza, kabla mkate haujamegwa, na saa hiyo mama yuko motoni na masufuria matatu. Ningeweza kusema tutafute mpishi mwingine kwa siku moja tu. Sikusema, na wenzangu hawakusema. Kila aliponikumbusha nilimjibu, "Mwezi ujao, shemeji," maana marehemu alikuwa rafiki yangu. Huo mwezi ujao ukafika miaka tisa.

Mara moja alijaribu. Mchungaji wa wakati ule alikuwa ameshaushika mkate, nikamwona mama mlangoni, kanga kiunoni, uso umelowa jasho. Alitembea mpaka katikati ya kanisa. Mwenyekiti wa wazee akageuka, akanong'ona kwa ile sauti yake inayosikika hadi barabarani:

"Mama, wali umeiva?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa najua vizuri kilichomleta. Mama akasema, "Bado kidogo," akarudi jikoni. Wali wa siku hiyo ulisifiwa sana.

Mwaka huu tumbo likamshika. Hospitali wakampasua, wakamshona bila kutoa kitu, wakamruhusu aende nyumbani. Akalala chumbani kwa binti yake, fundi cherehani, kitanda kimebanwa kati ya ukuta na marobota ya vitambaa. Siku moja binti akanijia.

"Baba mdogo, mama anasema hataki kitu kingine. Anaomba ale mkate wa Bwana kabla hajaondoka, basi."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa moyo wote.

Jumamosi nikaenda na mwenyekiti na mchungaji mpya, kijana aliyehamia kwetu miezi mitatu tu iliyopita. Mama alikuwa amevalishwa gauni jeupe, amekalishwa kwa mito, kucha zimekatwa. Mchungaji akatandika kitambaa kwenye meza ya cherehani, akaweka mkate, akamimina divai. Kisha akaniomba daftari la washirika, maana ni mtu wa taratibu. Akatafuta jina la mama, akalipata, na pembeni yake, kwa mwandiko wangu: ametengwa.

"Katibu, hii vipi?"

"Ni ya zamani, Mchungaji. Mwenzake alishafariki."

"Kikao kiliandika kwamba amerudishwa?"

"Hapana."

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari, akasema, "Kikao si Jumatano? Tulimalizie huko, mambo yaende kwa mpango."

Ningesema: kosa ni letu, mpe. Maneno manne tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kuonekana katibu mzembe mbele ya mchungaji mpya. Ndiyo sababu yote, sina nyingine, nimeitafuta sana.

Mchungaji akakunja kitambaa, akamwombea vizuri, kwa maneno mengi. Mama aliufuata mkate kwa macho mpaka ulipoingia mkobani. Hakulia. "Jumatano si mbali," alisema. Kisha akamgeukia binti yake: "Wape wageni chakula, wametembea juani."

Tukaandaliwa wali na maharage palepale mkate ulipokuwa. Mchungaji akabariki chakula. Tukala, mama akitutazama kutoka kitandani, yeye ambaye hata maji yalikuwa hayapiti. Aliponiambia, "Ongeza, shemeji, hujashiba," nikaongeza.

Alifariki Jumatatu asubuhi. Tukamzika Jumanne, bila kengele na bila joho la mchungaji, kwa kuwa daftari lilikuwa bado halijarekebishwa. Binti yake alinipa mkono bila kuniangalia.

Jumatano kikao kikakaa. Jambo la kwanza, kumrudisha mama mezani, lilipita kwa kauli moja, dakika mbili hazikuisha, nami nikaliandika. Jambo la pili lilikuwa nani atapika Jumapili. Hilo tulilijadili mpaka giza likaingia.