Kituo cha Kumi na Tatu, Mtaa wa Narung'ombe

Simameni hapa, jamani. Hapa hapa, penye ukuta wa ghala. Wewe dada mwenye mwavuli sogea kidogo, maji ya mfereji yatakuharibia viatu. Najua mnatazamana. Kwenye vituo kumi na viwili mmeonyeshwa milango, mmeonyeshwa nguzo, mmeonyeshwa mpaka msumari wa Mjerumani, na sasa Shomari fundi cherehani anawasimamisha mbele ya ukuta wa saruji usio na hata dirisha. Tulieni. Mwenye haraka aende, simfungi kamba. Lakini nikianza kusema naomba msinikatize, maana nikikatizwa hapa huwa nashindwa kuendelea.

Hapa palikuwa na nyumba ya Bi Kijakazi binti Mwinshehe. Nyumba ya miti na udongo, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Aliijenga mama yake kwa kuuza vitumbua. Kuna watu wanadhani Kariakoo yote ilijengwa na wanaume. Waje dukani kwangu niwatajie wanawake mmoja mmoja, tutakesha! Mama alikanyaga udongo, binti akateka maji na debe kichwani, paa likaanza kwa makuti, likaja la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, mwisho mabati.

Baba yangu aliitwa Abbasi, Myao wa Tunduru. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilimkuta kijana, wakamkamata, wakamtwisha mizigo ya jeshi, akatembea mpaka nyayo zikaoza. Akaishia kambi ya wapagazi, na nyote mnajua Kariakoo yetu hii imepata jina kwa hao wapagazi, Carrier Corps ya Mwingereza. Kambi ilipofungwa hakuwa na pa kwenda. Mama yake Bi Kijakazi alimkuta amelala kibarazani anatetemeka kwa homa, akamwingiza chumba cha pili kushoto, akamnywesha uji. Baba hakuhama tena chumba kile mpaka alipotolewa kwenye jeneza. Alikuwa hamali wa sokoni, humo akaoa, humo nikazaliwa mimi. Kitovu changu kimezikwa uani, yaani huko ndani, chini ya magunia ya watu. Baba alimwita Bi Kijakazi dada, basi mimi nikamwita shangazi, ingawa hatukuchangia hata tone la damu.

Shangazi aliolewa mara mbili na hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mdomo, salale! Mpangaji akikwepa zamu yake ya kufagia ua, mpaka adhuhuri mtaa mzima ulishajua jana alikula nini na alikikopa wapi. Mwaka Jangwani ilipojaa maji alilaza familia tatu ukumbini kwake, akagombana nazo zote tatu, na hakuna iliyoondoka na njaa. Siku zile za kudai uhuru, kadi za chama ziligawiwa uani kwake, akizificha ndani ya pipa la unga wa mchele. Nilikuwa kijana, nimeziona kwa macho yangu, kadi zimetapakaa unga. Kumbukeni hilo la kadi, maana mtanichukia baadaye kidogo.

Haya. Mwaka sabini na nne akaletwa hapa Mwalimu Pius, Mngoni wa Peramiho, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mtu mpole, suruali moja, ana kiu ya habari za watu. Tulipokwisha kujua kusoma, akasema tusiishie kwenye kitabu, tutembee, kila mwenye nyumba ya zamani aeleze nyumba yake na yeye ataandika kwenye daftari. Jumamosi fundi Kasmir akawa anatufundisha kukandika kuta na kuchanganya chokaa, ili hizo nyumba zisituangukie. Jumapili tukawa tunatembea. Desturi tukaiweka wenyewe, ile mliyoiona leo: kiongozi anapiga hodi, mwenye nyumba ametandika mkeka kibarazani na ameweka cha kunywa, wageni wanakaa, yeye anaeleza. Nyumba isiyopigiwa hodi haiandikwi.

Jumapili ya kwanza tulikaa kwa Awadhi, yule wa mlango wa nakshi, muuza vitambaa. Awadhi akaeleza babu yake alivyokuja kutoka Arabuni na sanduku la misumari ya shaba. Mwingine akasema babu yake alikuwa jumbe. Kila mtu ana babu wa maana! Mimi nimekaa pembeni natafuna kashata. Basi Awadhi, ambaye utani ndio chai yake, akanigeukia. "Na wewe Shomari, mzee wako alikuja na nini? Na kata ya kubebea mzigo?"

Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, na hakujua kitu, alitania tu. Lakini damu ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema, "Baba yangu alikuja na bunduki. Alikuwa sajini."

Mwalimu Pius macho yakamtoka kwa furaha, akaandika. Ningeweza kucheka pale pale nikasema natania. Sikucheka. Nikaongeza na jina la vita, nikaongeza na medali. Wiki ile ile wakaanza kuniita Mwana wa Sajini, wiki ya pili wakanifanya kiongozi wa matembezi, na mimi nikashona kofia mpya.

Mtu mmoja tu aliyebaki hai mtaa mzima ndiye aliyemjua baba yangu na miguu yake iliyooza. Na mtu huyo ndiye mwenye ule mdomo niliowaambia.

Basi sikumpigia hodi. Ukitoka kwa Awadhi unakuja moja kwa moja hapa, hata mgeni hapotei. Mimi nilikuwa nawakatisha watu kwenye uchochoro wa nyuma wenye majitaka. Mwalimu Pius akauliza, "Ndugu Shomari, kwani huku ndiko?" Nikamwambia njia ya mkato. Njia ya mkato, na watu wanapandisha suruali na khanga kuruka maji!

Shangazi alikuwa amesikia habari za matembezi, nani hakusikia? Jumapili ya pili alifagia baraza, akalipiga chokaa, akatandika mkeka wake mpya wa ukindu, akaweka birika la kahawa ya tangawizi na sinia la vitumbua limefunikwa kawa. Akakaa na khanga yake nzuri. Akasubiri mpaka magharibi. Jumatatu mpangaji wake, Zamda, akaja dukani kwangu.

"Kaka Shomari, Bibi anauliza mbona wageni hawakufika?"

"Mwambie shangazi Jumapili ijayo."

Jumapili ijayo nikawapitisha kwenye majitaka. Zamda akaja tena. Nikasema ijayo. Jumapili saba, jamani. Jumapili saba mwanamke wa miaka sabini anaamka alfajiri kuumua unga wa vitumbua, halafu jioni anawagawia wapangaji. Ya nne nilichungulia kwenye kona nikamwona anafukuza nzi kwenye kawa. Nikarudi nyuma mbio, kiongozi mzima na kofia yangu.

Na Bi Kijakazi yule yule aliyetukana mtaa mzima, kwangu mimi hakutukana. Ningefurahi angetukana.

Ndipo wakaja watu wa mipango. Soko jipya lilikuwa linapanda, na mtaa huu wakautaka kwa maghala na maghorofa. Mwalimu Pius aliwafuata ofisini kwao mara nne na daftari lake, mpaka wakamkubalia: nyumba zilizomo kwenye daftari zibaki na wenyewe tuzikarabati, nyingine zivunjwe. Akatuita darasani, daftari mezani. Akatusomea nyumba kumi na mbili. Akasema, "Kesho napeleka orodha. Kama kuna nyumba tumeisahau, semeni leo. Kesho itakuwa tumechelewa."

Awadhi akasema, "Na ya Bi Kijakazi?"

Watu wote wakanitazama, maana kiongozi ni mimi. Nafasi ilikuwa ile pale, imekaa mbele yangu kama sahani. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Basi, angeandika. Lakini kichwani nikaona Mwalimu anakwenda kwa shangazi na daftari, naye shangazi anaanza: Abbasi? Namjua Abbasi, alikuja hapa na nyayo zimeoza.

Nikasema, "Ile ya kupangisha tu, Mwalimu. Haina historia."

Mdomo huu huu. Kadi za chama kwenye pipa la unga, watu wa Jangwani ukumbini, mama yake na udongo wake, uji wa baba yangu, kitovu changu mwenyewe, nikasema haina historia. Mwalimu akafunga daftari. Yeye mgeni, atajuaje? Aliniamini.

Baada ya mwezi ukutani pakapigwa alama nyekundu. Zikaja sururu. Nyumba ya udongo haichukui hata siku nzima, asubuhi ipo, alasiri ni vumbi. Nilifunga duka siku ile nikajitia homa. Nikajifunika shuka gubigubi na bado nilisikia mabati yakishushwa.

Shangazi walimpa kiwanja huko nje ya mji, majani matupu. Ajenge na nani kwa umri ule? Zamda ndiye aliyemchukua, wakapanga chumba kimoja Buguruni, nyuma ya gereji. Mwenye nyumba ya vyumba sita akawa mpangaji wa mpangaji wake.

Nilikaa miezi mitano bila kwenda. Siku ya kwenda nilibeba sukari kilo mbili, na sukari wakati ule mnajua ilivyokuwa, nilipanga foleni kutwa. Ebo, nilidhani nitalipa nyumba kwa sukari! Nilimkuta amekaa mlangoni juu ya kigoda, nyundo za gereji zinalia, hata baraza hakuna, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya watu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mkeo hapiki?"

Nikalia. Mtu mzima na mvi zangu, nililia mbele ya mafundi magari. Nikamwambia yote, la sajini, la uchochoro, la darasani. Nikamwambia, "Shangazi, niliogopa ungewaambia."

Alinitazama kama mtu aliyepewa hesabu ngumu. Akasema, "Niwaambie nini? Zamda aliniletea habari wiki ile ile, kwamba mtoto anasema Abbasi alikuwa sajini. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia Zamda, mwache. Wageni wakija wakiniuliza, nitasema ndiyo, sajini, na bunduki yake nimeishika kwa mikono yangu. Nimuaibishe mtoto wa kaka yangu mbele ya wageni wangu? Mimi mwendawazimu?"

Halafu akaingia ndani akatoka na kopo la mafuta ya nazi. Ndani yake mlikuwa na hiki. Mpeni huyo mzee wa mbele akishike, halafu kizungushwe, msikiangushe. Kibati cha shaba, kina tundu la kamba na namba. Kila mpagazi alivalishwa kimoja shingoni. Hiki ni cha baba yangu. Alipokufa shangazi alikificha juu ya dari ya chumba cha pili kushoto, ili nikikua nisidharauliwe na watoto wenzangu. Miaka thelathini na mitano amekificha. Siku ya sururu kitu cha kwanza alichokitoa ndani ya nyumba ni hiki, kabla ya mkeka, kabla ya birika.

Akanipa, akasema, "Sasa mimi sina tena dari ya kukifichia. Chukua mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilimleta Mwalimu Pius na watu wote hapa, saruji ya ghala ikiwa bado mbichi, nikawaambia kama nilivyowaambia nyinyi. Awadhi hakutania. Mwalimu akafungua daftari penye neno sajini, akanipa kalamu nifute mwenyewe, kisha chini yake nikaandika jina la Bi Kijakazi na la mama yake. Mwandiko ule hausomeki vizuri mpaka leo. Amehamishiwa Masasi sasa, daftari kaliacha kwangu.

Mnataka kumwona shangazi, huwa mnauliza. Yupo, Buguruni, mzima, mdomo wake mzima. Nimemwomba mara tatu aje Jumapili awaelezee nyumba yake mwenyewe. Nimemwambia nitakuja kumchukua na teksi, nitabeba mkeka mimi, nitabeba birika mimi. Anashukuru. Halafu ananiuliza, si kwa hasira, anauliza tu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Nije nikae wapi, Shomari?"

Kirudisheni hicho kibati.