Presha ya Marehemu Haipandi Wala Haishuki

Saa tatu asubuhi, nje jua linachoma, lakini Fundi Majedwali amevaa sweta. Chumba anachofanyia kazi kina baridi ya mashine na hakina dirisha. Anaandika amri moja fupi, anabonyeza, kisha anaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani. Jedwali lililokuwa limelala linaanza kusimama.

"Hapa huwa siongei na mtu," anasema kwa sauti ya chini. "Ukinisalimia sasa, nitakuitikia kesho."

Mama huyu wa watoto wawili anaishi kwa kubadili umbo la majedwali makubwa ya takwimu. Hospitali humletea rekodi za wagonjwa wa presha, zaidi ya watu elfu tisa. Kila mgonjwa ana mstari wake mmoja, na vipimo vyake vimetandazwa kwenda kulia, mwezi hadi mwezi, mpaka vinatoka nje ya kioo cha kompyuta.

Programu ya takwimu haitaki hivyo. Inataka kila kipimo kipate mstari wake, namba ya mgonjwa irudiwe pembeni, na vipimo vishuke chini kwa kufuata tarehe. Wenyewe huita kazi hiyo kusimamisha jedwali.

Ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Majirani bado wanaamini ni fundi wa vifaa, humletea simu zilizotumbukia majini. Amechoka kuwaeleza. Siku hizi anazipokea, anazianika juani, na baadhi zimepona, jambo ambalo limezidi kumharibia.

Ofisi yao ina desturi ya zamani: jedwali lenye matundu halitoki mlangoni. Mgonjwa asipofika kliniki, nafasi yake hujazwa kwa kipimo chake cha mara ya mwisho.

"Mtu akikosa mwezi mmoja kwa sababu ya mvua, hakuna ubaya," anaeleza mkuu wa ofisi, mzee mpole anayefuta miwani kila anapozungumza. "Hesabu nyingi hugoma zikikuta pengo. Tulikuwa tunajaza hata kabla huyu binti hajaajiriwa."

Miezi minne iliyopita, Fundi alikuwa analipitia jedwali lililokwisha kusimama, akiteremsha polepole.

"Akili yangu ilikuwa kwenye chai," anasimulia. "Nikaiona namba ya mama."

Namba hiyo aliijua kwa kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yake kliniki na kumbebea kadi. Mama alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Lakini pale kwenye kioo alikuwa anaendelea kuhudhuria, mwezi baada ya mwezi tangu mazishi, na kila mara presha ileile: 142 kwa 88.

Jedwali likiwa limelala, hakuna ambaye angeshtuka, maana vipimo vya mtu mmoja vimetawanyika kwenda kulia. Liliposimama, namba zilishuka wima, moja chini ya nyingine, bila kutikisika.

"Mtu aliye hai hatulii hivyo," anasema. "Mama presha yake ilipanda hata mlango ukigongwa. Nywele zilinisimama. Nikageuka nyuma, sijui nilitarajia kumwona nani."

Alimpigia simu mdogo wake wa kike.

"Nikamwambia, mama bado anapimwa. Akaniuliza, 'Dada, presha yake iko vipi?' Nikamjibu, imetulia. Akasema, 'Afadhali.'"

Hakuna aliyecheka.

Mtu mwingine angefuta mistari ile akaenda kunywa chai yake. Fundi hakufuta. Kila asubuhi kabla ya kazi alifungua jedwali, akateremsha hadi kwa mama, akamtazama, akafunga. Mwezi mpya ulipoingia na ofisi ikajaza mapengo, mama aliongezewa mstari. Fundi anakiri kwamba alikuwa akiusubiri.

"Nyumbani tumeshagawa nguo zake," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Hapa ndipo mahali pekee alipokuwa bado na miadi."

Asubuhi moja alipitiliza kidogo. Chini ya mama kulikuwa na mwingine aliyetulia. Chini zaidi, wengine wawili. Alipotafuta kwa amri, alipata watu zaidi ya mia nne, presha zao zote zimeganda.

Wangapi walikuwa marehemu? Wangapi walikuwa hai, wamelala ndani, dawa zimewaishia? Jedwali lilidai wote wanahudhuria. Na ripoti iliyotokana nalo ilikuwa karibu kwenda kwa wakuu wa hospitali, ikisema hakuna mgonjwa aliyepotea. Kwa hiyo muuguzi anayezunguka majumbani kuwatafuta hakuhitajika tena, arudishwe wodini.

Hapo usingizi ulimpaa. Kuondoa vipimo vya kujaziwa kulimaanisha kumwondoa mama naye.

"Ningeweza kumbakiza yeye peke yake, amri yake naijua," anasema. "Niliiandika kabisa. Nikaiangalia, nikaifuta."

Akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wake. Mzee aliomba kuonyeshwa namba yenyewe, akaitazama bila kufuta miwani, kisha akampa pole kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Ripoti ilizuiwa siku hiyohiyo.

Fundi alirudi mezani akaandika amri ya kuondoa vyote vilivyojazwa. Kufumba na kufumbua, mama akakoma pale alipokomea.

"Nililia kuliko siku ya mazishi," anasema. "Siku ile kulikuwa na watu wa kunishika."

Sasa muuguzi wa majumbani anazunguka na namba za wale waliotulia. Nyumba nyingi amekuta msiba wa zamani. Nyingine zina wapangaji wapya wasiojua lolote. Lakini si zote.

"Kuna babu mmoja nilibisha hodi mpaka nikataka kuondoka," anasema muuguzi. "Akafungua kwa kujikokota. Aliniambia, 'Nilidhani mmeshanizika.' Kwenye jedwali presha yake ilikuwa nzuri tu. Nilipompima nilikuta 196. Dawa hana tangu mwaka jana."

Babu huyo amerudi kliniki. Vipimo vyake sasa vinapanda na kushuka, na Fundi anasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Mpango wake ni kuacha mapengo yabaki mapengo, na kuandika amri itakayompigia kelele kipimo kikijirudia mara tatu. Hospitali pia imekubali ombi lake la safu mpya ambayo haikuwahi kuwapo: tarehe ya kufariki. Anataka ifike katika kila kliniki.

Tukiwa bado tunazungumza, muuguzi anaingia na kuinama kwenye kioo. Anaweka kidole kwenye namba moja.

"Dada, huyu naye ameacha kuja muda mrefu. Nimtafute lini?"

Fundi anavuta kibodi karibu.

"Huyo usimtafute. Ni mama yangu," anasema, na katika safu ile mpya, ambayo bado ni tupu kutoka juu hadi chini, anaandika tarehe ya kwanza.